Mchungaji aliyetumwa kwa msaliti: nilivyoiona "Quislings siste dager"

Ukiitafuta filamu hii, ambayo jina lake maana yake ni "Siku za mwisho za Quisling", usiitafute kama filamu ya vita. Vifaru na mabomu hutaviona sana. Sehemu kubwa ni wanaume wawili ndani ya selo mjini Oslo mwaka 1945: mmoja ni Vidkun Quisling, aliyeitawala Norway kwa niaba ya Wajerumani, mwingine ni mchungaji Peder Olsen, aliyetumwa kumhudumia kiroho. Ni takriban saa mbili na nusu, na sikuona sababu ya kuisimamisha hata mara moja.

Nimelelewa ndani ya KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania), na nimekuwa nikiongozana na wenzangu wa kanisani kwenda gerezani kusali na wafungwa. Kwa hiyo swali lililonishika halikuwa la siasa. Anayelia na kukiri, kila mhudumu anajua la kumwambia. Lakini huyu anayekutazama machoni na kusema yeye ndiye aliyeiokoa nchi yake, utamwambia nini? Filamu nzima imesimama hapo, na mwongozaji Erik Poppe hakuikimbia kazi hiyo.

Kwa wasiomfahamu Quisling, nieleze kidogo, maana filamu inamchukulia mtazamaji kama anayeijua historia tayari. Alikuwa ofisa wa jeshi, na mwaka 1922 alikwenda Ukraine kufanya kazi ya Fridtjof Nansen, Mnorway aliyeongoza misaada, ya kuwalisha watu waliokuwa wanakufa kwa njaa. Akawa waziri wa ulinzi, kisha mwaka 1933 akaanzisha chama chake cha mrengo wa Kinazi, Nasjonal Samling, ambacho wapiga kura hawakukipa hata kiti kimoja bungeni. Tarehe 9 Aprili 1940 Wajerumani walipovamia, alikwenda redioni jioni ile ile akajitangaza kuwa mkuu wa serikali. Mfalme Haakon VII alikataa kumtambua, na ndani ya wiki moja Wajerumani wenyewe wakamweka kando. Walimrudisha Februari 1942, safari hii akiwa na cheo cha waziri-rais.

Mwaka huo huo wa 1942 ndio Wayahudi wa Norway walipokamatwa. Kwanza wanaume, mwezi Oktoba; halafu alfajiri ya tarehe 26 Novemba wakafuatwa wanawake, watoto na wazee. Waliowakamata walikuwa polisi wa Norway wenyewe, na teksi za mjini ndizo zilizowabeba mpaka bandarini, kwenye meli iliyoitwa Donau. Walioondolewa nchini kwa jumla walipita 770, wengi wakaishia Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Waliorudi hai hawakufika 40. Naomba msomaji akae na hizo teksi kidogo. Dereva anafungua mlango, mtoto anaingia na begi lake, gari linaondoka kama siku nyingine yoyote. Mwenye cheo kikubwa kuliko Wanorway wote katika serikali ile ndiye huyu anayezungumza na mchungaji ndani ya selo.

Gard B. Eidsvold anamwigiza Quisling bila kumfanya shetani mwenye pembe, na hilo ndilo lililonitisha. Mzee huyu amesoma, ana adabu, anamjali mkewe Maria. Akianza kujieleza, unaona mtu anayehutubia umati ambao haupo. Kila tendo lake analiweka kwenye maneno makubwa: taifa, wajibu, hatima. Ile kazi ya Ukraine, ambayo ilikuwa kazi njema kweli, inakuwa ngao ya kujikinga na mengine yote. Kwake yeye, waliokosa ni wengine. Kamera inakaa karibu na nyuso zao, na nilijikuta nikisubiri ule uso ulegee, hata kwa dakika moja.

Anayemsikiliza, mchungaji Olsen, anaigizwa na Anders Danielsen Lie. Mwaka 2018 mwigizaji huyu huyu alikuwa Breivik, muuaji mwenyewe, katika filamu nyingine kuhusu mauaji ya mwaka 2011 kwenye kisiwa cha Utøya, Norway. Sasa amevaa kola ya uchungaji. Anafanya kazi ngumu kuliko ya mwenzake, kwa sababu muda mwingi ananyamaza. Ninavyomwelewa mchungaji huyu, hajaja kulainisha hukumu wala kuiongezea ukali. Amekuja kutafuta neno moja la ukweli, na anajua kwamba toba haikamuliwi. Mkewe Heidi, anayeigizwa na Lisa Loven Kongsli, anatuonyesha gharama ya kazi hiyo nyumbani. Filamu imejengwa juu ya shajara za Olsen, na nadhani ndiyo sababu mazungumzo yana uzito wa kitu kilichosemwa kweli.

Jambo jingine lililonigusa ni askofu Eivind Berggrav, aliyempa Olsen jukumu hilo. Mwaka 1942 maaskofu na wachungaji walio wengi walijiuzulu kazi za serikali (kanisa lao lilikuwa la serikali) kumpinga Quisling, na Berggrav akawekwa kizuizini mpaka karibu na mwisho wa vita. Vita vilipokwisha, mtu huyo huyo akahakikisha aliyemfunga anapata mchungaji. Nimemtaja askofu huyu kwenye ibada ya jumuiya yetu, na nitaendelea kumtaja.

Mahakama ilimhukumu Quisling kifo tarehe 10 Septemba 1945, akapigwa risasi usiku wa tarehe 24 Oktoba katika ngome ya Akershus. Norway ilikuwa imefuta adhabu ya kifo kwa makosa ya kawaida tangu mwanzoni mwa karne, lakini baada ya vita watu 37 waliuawa kwa hukumu za mahakama, Wanorway 25 na Wajerumani 12. Filamu haikuhubirii kama ilikuwa haki. Mimi sikubaliani na adhabu ya kifo, na bado sikuweza kumwonea Quisling huruma kirahisi.

Lawama yangu ni kwamba sehemu ya katikati inajikokota sana. Mabishano mawili matatu yangeweza kupunguzwa. Na ningependa waliopandishwa Donau wawe na nafasi pana zaidi.

Lugha ni Kinorway, kwa hiyo hakikisha unapata nakala yenye tafsiri ya maandishi unayoweza kuisoma upesi, maana wanaongea sana. Ukiweza, tangulia na "Kongens nei" ("Hapana ya Mfalme") ya mwaka 2016, ya Poppe pia, inayoonyesha siku zile za Aprili 1940 mfalme alipomkataa Quisling. Watoto wadogo waacheni walale. Kwa wachungaji, wainjilisti na wazee wa kanisa wanaoingia magerezani, naomba mwitazame pamoja, kisha mjadili: ungekuwa wewe Olsen, ungemnyima meza ya Bwana mtu huyu? Sisi tulibishana mpaka usiku, na mzee mmoja aliondoka bado anasema angemnyima.