Kampuni ya AC ofisini kwetu: gesi inajazwa, ubaridi hakuna

Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Halmashauri yetu huku pwani matengenezo ya viyoyozi imeipa kampuni binafsi. Zabuni ilipita NeST, ule mfumo wa ununuzi wa serikali ya Tanzania mtandaoni, mkataba ukasainiwa, kila kitu kwa utaratibu. Hayo sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni AC ya masijala.

Kaskazi ikishapamba moto mnajua kunavyokuwa: shati linaganda mgongoni saa tatu asubuhi, na AC inapuliza vuguvugu. Tunaripoti. Fundi anakuja, anafunga geji, anajaza gesi, nasaini fomu yake, anaondoka. Baridi safi wiki kadhaa, halafu vuguvugu lile lile. Anakuja tena, anajaza, nasaini.

Jamani, gesi ya AC si mafuta ya bodaboda kwamba inaungua ikaisha. Inazunguka humo humo kwenye mabomba miaka na miaka. Ukiona imepungua, inavuja. Na pa kuvujia palionekana kwa macho. Kwenye nati ya bomba, ile mashine ya nje, palikuwa na doa la mafuta lililoshika vumbi hadi likawa jeusi. Mafuta ya kompresa hutoka pamoja na gesi, kwa hiyo hapo ndipo pa kuanzia. Upake maji ya sabuni, uangalie mapovu. Basi.

Nikamwambia msimamizi wao, kwa adabu kabisa: "Kaka, hebu wapake sabuni hapa kabla hawajajaza."

Akanipandisha akanishusha. "Mama, wewe kaa na mafaili yako. Sisi hii kazi tumeisomea."

Mbele ya wananchi waliokuja kufuatilia vibali vyao! Kijana wake mwenyewe aliinamisha kichwa.

Nikaenda kuusoma mkataba. Kusafisha filta na kukagua kuna bei yake ya kila robo mwaka. Kujaza gesi kunalipwa kando, kila inapojazwa. Kutafuta panapovuja hakumo kabisa. Sasa nani atakaza nati inayomlipa? Na mashine yenyewe ni ya zamani, ya R22, gesi inayoharibu tabaka la ozoni, ambayo kwa Itifaki ya Montreal ya 1987 na marekebisho yake nchi kama yetu zinatakiwa ziwe zimeiacha karibu yote ifikapo 2030. Tunainunua kwa hela ya wananchi, tunaiachia hewani.

Nilipanga kuwapa nyota moja. Lakini haki yao niwape: AC za ukumbini hazisumbui, na ukiwapigia wanafika siku hiyo hiyo. Tena yule kijana alikuja siku moja bila bosi wake, akakata ncha ya bomba, akaitanua upya, akakaza nati, akavuta hewa yote kwa pampu ndipo akajaza. Tangu siku hiyo masijala tunavaa sweta. Kwa hiyo nyota tatu?

Hapana. Nimeiona hati yao ya madai. Gesi wamedai, na chini yake wameongeza "ukarabati wa dharura". Dharura gani, wakati nati niliwaonyesha mwenyewe? Na sahihi ya kuthibitisha kazi wanaitaka kwangu, mimi mama wa mafaili.

Mbili, na zote za kijana. Hati sijaisaini. Mkataba ukija kuhuishwa, kutafuta panapovuja kuandikwe kwanza, gesi ifuate.