SMS au kipaza sauti: tahadhari ya mafuriko bondeni Msimbazi

Maji ya Mto Msimbazi yanayofurika mtaa wa Jangwani, Dar es Salaam, huanzia milima ya Pugu, kwa hiyo bonde linaweza kujaa hata kama hapo bondeni, mfano Kigogo, hakuna tone la mvua. Hapo dakika zina thamani.

SMS hubaki kwenye simu, mtu akaisoma tena na kumtumia jirani. Ujumbe mmoja ni herufi 160. Ukiweka emoji, nafasi hushuka hadi 70 na ujumbe hukatwa vipande. Andika mtaa, saa na pa kukimbilia, basi. Udhaifu wake ni usiku: simu imezimwa au chaji imeisha, na ujumbe unafika asubuhi, godoro likishaelea.

Kipaza sauti cha msikiti au cha mjumbe huamsha hata asiye na simu. Ila mvua kubwa juu ya mabati humeza sauti, na umeme ukikatika kifaa kisicho na betri ni pambo tu. Tangaza kabla mvua haijakolea, sentensi fupi, urudie mara tatu.

Mchana, SMS inatosha. Usiku ningeanza na kipaza sauti.