Muscat au Manchester: bajeti ya mtu wa Tanga

Hapa Ngamiani tumezoea kununua umeme wa LUKU kidogo kidogo na kitoweo cha siku ile ile. Ng'ambo mazoea hayo hayafui dafu, na Uingereza na Oman zinakula pesa kwa njia tofauti kabisa.

Uingereza inakudai kabla hujapanda ndege. Mwenye viza ya kazi ya kawaida hulipa ada ya afya pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, zote kwa mkupuo. Mwanafunzi pauni 776. Miaka mitatu ya kazi ni pauni 3,105, na tiketi bado! Ukifika, juu ya kodi ya nyumba kuna kodi ya halmashauri (wanafunzi wa muda wote husamehewa), kisha gesi ya kupasha nyumba joto miezi ya baridi. Hiyo ya mwisho ndiyo husahaulika, maana Tanga nani amewahi kulipia joto?

Muscat joto lenyewe ndilo gharama: kiangazi kiyoyozi hakizimwi. Mshahara kwa sasa haukatwi kodi ya mapato. Lakini chunga hesabu. Riali moja ni baisa 1,000, na ina thamani ya dola 2.6 hivi, kwa hiyo baisa 500 za teksi si hela ya karanga.

Kwa mwenye akiba ndogo mimi ningechagua Muscat, ila tu kama mkataba umeandika wazi kwamba nyumba ni juu ya mwajiri. Ahadi ya mdomo usiiweke kwenye bajeti.