Saa moja kila Alhamisi: tathmini ya ruhusa ya kulea wanafunzi, North Carolina

Mfanyakazi wa kudumu wa serikali ya jimbo la North Carolina, Marekani, hupewa kila mwaka saa 24 za ruhusa yenye malipo kwa ajili ya kujitolea katika jamii, mbali na likizo yake ya kawaida. Anayetaka kuwa mlezi wa mwanafunzi, yaani mshauri wake shuleni, au kumsaidia masomo anaweza kuziacha saa hizo na kuchagua badala yake saa moja kwa kila wiki ambayo shule zimefunguliwa, mradi jumla isizidi saa 36 kwa mwaka. Nimeitumia njia hii ya pili mwaka mzima, na ninaiandikia kwa sababu Waswahili wenzangu wengi walioajiriwa na jimbo hawajui kwamba ipo.

Kuiita likizo kunapotosha. Aliyezoea likizo ya siku 28 ya Tanzania, ya kufunga mizigo na kwenda kijijini, atadhani ni mapumziko, ilhali hii ni ruhusa ya kutoka kazini kwenda kufanya kazi nyingine. Haihamishiwi mwaka unaofuata, wala hulipwi fedha zake ukiacha kazi.

Uzuri wake umo katika mgawanyo. Saa 24 unaweza kuzimaliza kwa siku tatu za kupaka rangi ukumbi, lakini mtoto halelewi kwa siku tatu. Sheria ya jimbo inataka mwaka wa shule uwe na angalau siku 185 au saa 1,025 za masomo. Siku hizo ni kama wiki 37, hivyo saa 36 zinakaribia kabisa kuutosheleza. Mvulana niliyepangiwa ni wa darasa la nne, na familia yake ilitoka Kongo. Wiki tatu za mwanzo alinijibu kwa kutikisa kichwa tu, huku akichonga penseli mpaka ikabaki kipande kisichoshikika. Ya nne, nilipokuwa nikimweleza hesabu ya kugawanya vitabu, alicheka na kunisahihisha kwamba kwao ni “bitabu”. Tangu siku hiyo tumegawanya bitabu, na penseli zimedumu.

Kasoro ya kwanza ni barabara. Ofisini kwangu safari ilihesabiwa ndani ya saa ileile, na shule iko mwendo wa dakika 20 kwa gari. Ukitoa kwenda na kurudi, mtoto anabakiwa na dakika 20, ambazo nusu yake huishia kwenye kusaini daftari la wageni na kusubiri beji. Nililazimika kuiunganisha na muda wangu wa chakula cha mchana. Kasoro ya pili ni kwamba ruhusa inategemea idhini ya msimamizi, na mara mbili kikao kilipangwa Alhamisi hiyohiyo, pengine bila nia mbaya, ila mtoto aliyeketi maktaba akingoja hajui habari za vikao. Tena saa zinahesabiwa kuanzia Januari, wakati mwaka wa shule unaanza Agosti.

Hata hivyo, ukiilinganisha na ya majimbo mengine, haina aibu. Virginia hutoa saa 16 kwa mwaka. Florida nayo inakubali saa moja kwa wiki, isizidi saa tano kwa mwezi. California inafika saa 40, lakini kwa sharti kwamba mfanyakazi awe ametumia kwanza saa zake binafsi zinazolingana nazo katika ulezi huo. Sharti hilo ninaliheshimu, maana linamtambua aliyekwisha kujitoa. Lakini mtu mwenye kazi mbili, kama walivyo wengi wetu, halitamfaa. Kwa hiyo North Carolina naipa nyota nne kati ya tano, na ya tano nimeizuia kwa ajili ya ile safari.

Anayetaka kujaribu aanzie shuleni, kwa kuwa uchunguzi wa rekodi za makosa ya jinai huchukua muda, kisha ndipo apeleke ombi kwa msimamizi akiwa tayari anajua siku na saa. Mimi nilianzia kwa msimamizi, nikapoteza wiki tano.