YubiKey 5 NFC: kifunguo kinachotaka kidole

Kazi yangu ni kulinda mfumo wa akili mnemba unaojibu wateja wa kampuni moja hapa Dar, na kuhakikisha anayeingia humo kweli ndiye. Kwa miezi 14 sasa YubiKey, kifunguo kidogo cha kuthibitisha kuwa anayeingia kwenye akaunti ni mwenyewe, kinaning'inia kati ya funguo za geti na stoo. Hakina betri wala skrini. Unakichomeka kwenye kompyuta, unagusa kiduara cha dhahabu, umeingia. Kwa simu, unakigusisha mgongoni mwake.

Tovuti feki haiwezi kukidanganya. Julai 2022 wafanyakazi watatu wa Cloudflare, kampuni ya Marekani ya huduma za mtandao, walinaswa na SMS za uongo, wakaandika nywila zao kwenye ukurasa bandia. Wezi wakaishia nje, maana ilihitajika pia funguo ya aina hii, nayo haijibu anwani isiyoijua. Sisi wa "ile hela tuma kwenye namba hii" tunaelewa thamani ya kifaa kisicho na huruma.

Ila mimi nimekipendea kidole. Siku hizi wakala wa akili mnemba, yaani programu inayotenda kazi yenyewe, anapewa ruhusa ya kusoma barua pepe na kuendesha amri. Mtu akificha maagizo ndani ya barua, wakala anaweza kuyatii kana kwamba katumwa na bosi. Kwa hiyo kwetu kubadili ruhusa za mtumiaji au kuingiza kazini modeli mpya ya akili mnemba husubiri mtu aguse kifunguo. Nilimtegea wa kwetu barua ya namna hiyo: alikwenda mbio hadi hapo, akakwama, kitaa cha kijani cha kifunguo kikipepesa. Hana kidole, maskini.

Tatizo ni sisi wenye vidole. Bila skrini, kifunguo hakikuonyeshi unaidhinisha nini, na mwenzangu mmoja aligusa kwa mazoea tu huku akipiga soga. Bahati yalikuwa majaribio.

Programu ya ndani ya kifunguo haisasishwi. Septemba 2024 watafiti walionyesha kuwa vya kabla ya toleo 5.7 vinaweza kunakiliwa, japo mwizi lazima akishike mkononi na awe na vifaa vya gharama. Ukinunua, uliza toleo kwanza.

Halafu nunua viwili, hata kama vitazidi dola 100. Cha kwanza nilikisahau kwenye bajaji Mwenge; cha akiba kilikuwa kabatini, nikakifuta kile kwenye akaunti zote kabla ya chakula cha mchana. Zote isipokuwa ya benki yangu, ambayo haikukitambua tangu mwanzo. Wao bado wananitumia tarakimu sita kwa SMS.