Paper: seva ya Minecraft inayojua thamani ya milisekunde 50

Paper ni programu ya bure, yenye msimbo huria, inayotumika badala ya seva rasmi ya Minecraft toleo la Java, na ubora wake unaanzia kwenye jambo ambalo wauzaji wengi wa seva hawapendi kulisema: mchezo huu ukianza kukwama, mara nyingi kinachokosekana si kumbukumbu bali muda. Seva huusogeza ulimwengu hatua moja, ambayo wachezaji huiita tiki, mara 20 kwa kila sekunde. Kwa hiyo ndani ya milisekunde 50 lazima iwe imemaliza mienendo ya viumbe wote walio karibu na wachezaji, mitambo ya redstone (umeme wa ndani ya mchezo), maji yanayotiririka na kila hopa inayohamisha bidhaa. Kazi ikizidi muda huo, seva haizimiki, bali ulimwengu mzima unakwenda polepole, na tofali ulilokwisha kulivunja linarudi mahali pake mbele ya macho yako.

Sehemu kubwa ya kazi hiyo hupita katika kiini kimoja tu cha prosesa, ndiyo maana mashine yenye viini vichache vya kasi huishinda yenye viini vingi vya polepole. Anayekodi seva kwa kuangalia gigabaiti za RAM, yaani kumbukumbu, peke yake, bila kuuliza ni prosesa gani iliyomo, analipia kile ambacho pengine hakihitaji.

Paper haibadilishi kanuni hiyo, ila inakipunguzia mzigo kiini hicho. Kupakia na kutengeneza chanki, yaani vile vipande vya ardhi ambamo ulimwengu umegawanywa, kunahamishiwa kwenye viini vingine, jambo linaloonekana mara moja wachezaji wanapotawanyika kwenda maeneo mapya. Hata hivyo ninashauri ardhi itengenezwe mapema kwa Chunky, programu-jalizi (programu ndogo ya nyongeza inayowekwa ndani ya seva), kabla ya kufungua milango, kwa kuwa kutengeneza ardhi ni kazi nzito hata inapogawanywa.

Kilichonivutia zaidi ni spark, chombo cha upimaji kinachokuja ndani ya Paper tangu toleo la 1.21. Amri moja inaonyesha kila tiki imechukua milisekunde ngapi, na haikuachi na wastani peke yake: inatoa thamani ya katikati, kiwango cha juu kabisa na kiwango ambacho asilimia 95 ya tiki hazikukivuka. Tofauti hiyo ni muhimu sana, kwani wastani wa milisekunde 30 unaweza kuficha tiki moja iliyochukua 400, na ni hiyo moja ambayo wachezaji wataikumbuka na kuilalamikia. Ukiendesha upimaji wake kwa dakika kadhaa seva ikiwa na watu, utapata ramani ya kazi zote na muda ambao kila moja inautumia, na ubishi kuhusu shamba la kuku la fulani unamalizika kwa ushahidi.

Baada ya kupima, mpangilio wa kwanza wa kugusa ni simulation-distance, yaani umbali ambao ndani yake seva huendesha ulimwengu kumzunguka mchezaji. Kwa kawaida umewekwa 10, maana yake kila mchezaji anazungukwa na mraba wa takriban chanki 21 kwa 21, jumla 441, zinazoendeshwa kwa ajili yake. Ukiushusha hadi 6 zinabaki 169. Umbali wa kuona, ambao ni view-distance, unaweza kuachwa juu zaidi, ili milima ya mbali ionekane bila seva kulazimika kuwahesabia ng'ombe wa huko hatua zao. Kuhusu kumbukumbu, inatosha kuweka Xms na Xmx, yaani kiasi cha kuanzia na cha juu kabisa cha kumbukumbu ya mchezo katika Java, sawa na kuiachia Java kiasi cha kutosha nje ya hapo.

Paper ina upande wake mgumu. Inaziba mianya ambayo baadhi ya wachezaji wa siku nyingi huihesabu kuwa sehemu ya mchezo: mashine za kurudufu TNT (baruti ya mchezo) kwa pistoni hazifanyi kazi mpaka msimamizi aziruhusu katika faili za mipangilio. Jamii inayoishi kwa mitambo ya namna hiyo itahudumiwa vizuri zaidi na Fabric, mfumo mwingine wa kuongezea seva vipengele, pamoja na nyongeza yake ya Lithium, ambayo huongeza kasi bila kugusa tabia za mchezo. Kwa mamia ya wachezaji waliotawanyika, timu ileile ya Paper ilitoa Folia mwaka 2023, inayogawa ulimwengu katika maeneo yanayoendeshwa sambamba, lakini programu-jalizi zisizoandikwa kwa ajili yake hazitakubali kuwaka humo.

Wala Paper haifupishi njia ya kutoka Dar es Salaam hadi seva iliyoko Frankfurt, Ujerumani. Mchezaji anayeona pingi (muda wa ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi) ya juu wakati spark inaonyesha tiki zikiisha chini ya milisekunde 50 ana tatizo la mtandao au la mahali seva ilipo, na hakuna mstari wowote katika mipangilio ya Paper utakaomsaidia.