Bodi za kujitolea za shule za Uingereza: huduma ya bure, ubora unatofautiana

Mzazi anayeandikisha mtoto katika shule ya serikali Uingereza hupata, pamoja na darasa na mwalimu, huduma ambayo hakuiomba na wala hailipii: bodi ya watu wa kujitolea inayoisimamia shule hiyo. Wengi hawaijui mpaka siku mtoto anapofukuzwa, au malalamiko yanapokwama mezani kwa mwalimu mkuu. Hapa tunaipima kama huduma nyingine yoyote. Tunazungumzia England pekee. Scotland ina mabaraza ya wazazi chini ya sheria ya 2006, na hayo ni mambo mengine.

Kwanza tuondoe mkanganyiko. Bodi hii haichangishi pesa za tamasha la shule. Ipo jumuiya ya wazazi kwa kazi hiyo. Bodi ina kazi tatu: kuweka dira ya shule, kumwajibisha mwalimu mkuu kwa maendeleo ya wanafunzi, na kuhakikisha fedha zinatumika ipasavyo. Uendeshaji wa kila siku ni wa mwalimu mkuu. Mjumbe hapangi ratiba, hamkaripii mwalimu, na akitembelea darasa haendi kutoa alama za ufundishaji. Tena mjumbe mmoja mmoja hana mamlaka yoyote, hata awe na sauti nzito kiasi gani. Mamlaka yapo kwenye uamuzi wa kikao.

Katika shule zilizo chini ya halmashauri, bodi huwa na wajumbe wasiopungua 7: wazazi wasiopungua 2, mwalimu mkuu, mfanyakazi mmoja aliyechaguliwa na wenzake, mmoja aliyependekezwa na halmashauri, na wengine wanaoteuliwa na bodi yenyewe kwa ujuzi wao. Shule za kidini huongeza wajumbe wa taasisi iliyoanzisha shule. Kwa kawaida muhula wa mjumbe ni miaka 4. Hakuna mshahara. Nauli au gharama ya kumwachia mtu mtoto inaweza kurudishwa ikiwa bodi ina utaratibu huo, lakini kipato kilichopotea kazini hakifidiwi.

Vikao ni angalau 3 kwa mwaka wa masomo, na akidi ni nusu ya wajumbe waliopo. Ajenda na ripoti zinatakiwa ziwafikie wajumbe siku 7 kabla. Kanuni hii inaonekana ndogo, lakini kwa maoni yetu ndiyo inayoamua ubora wa huduma nzima. Mjumbe aliyepokea kurasa 60 usiku wa kuamkia kikao hawezi kuuliza kitu cha maana. Ataitikia tu.

Na maswali ndiyo bidhaa yenyewe. Tuseme mwalimu mkuu analeta ripoti kwamba mahudhurio ni asilimia 94. Bodi dhaifu inashukuru na kusonga mbele. Bodi imara inauliza: muhula kama huu mwaka jana ilikuwa ngapi? Watoto wanaopata chakula cha bure, yaani wa familia zenye kipato kidogo, wako wapi ndani ya hiyo 94, na wenye mahitaji maalumu je? Ni darasa gani linaushusha wastani? Shule imefanya nini, na lini tutaona mabadiliko? Kikao kinachofuata kinaanza na swali hilo la mwisho. Bila ufuatiliaji, ukali wote wa mwanzo ni bure. Kingine ni kutotegemea takwimu za mwalimu mkuu pekee: wajumbe walinganishe na takwimu rasmi za kitaifa, ripoti za Ofsted (wakaguzi wa shule wa serikali), na wanachokiona wenyewe wakitembelea shule.

Upande wa fedha, kosa linalojirudia ni kutazama mwaka mmoja tu. Pesa nyingi za shule hufuata idadi ya wanafunzi, na hesabu ya Oktoba ndiyo inayopangia bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Aprili. Darasa la watoto 24 linahitaji mwalimu yuleyule, chumba kilekile na joto lilelile kama la watoto 30, ila linaleta pesa pungufu. Kwa hiyo shule inaweza kufunga mwaka na salio zuri huku shimo la mwaka wa tatu likiwa tayari limechimbwa. Bodi inayoomba makisio ya miaka 3, yakiambatana na idadi ya watoto wanaotarajiwa, huliona mapema na kupata muda wa kurekebisha bila kupunguza walimu kwa ghafla.

Kazi ngumu kuliko zote ni kupitia uamuzi wa kumfukuza mwanafunzi. Mwalimu mkuu akimfukuza mtoto kwa kudumu, bodi inapaswa kukaa ndani ya siku 15 za shule na kuamua kama arudishwe. Kwa kawaida huketi jopo la watu 3, mzazi akiwa na haki ya kuhudhuria na kujieleza. Jopo makini husoma ushahidi, huuliza kama hatua nyingine zilijaribiwa kwanza, na kama mahitaji maalumu ya mtoto yalizingatiwa. Mambo huharibika pale mjumbe mwenye habari za tukio tangu mwanzo anapokaa kwenye jopo, au jopo linapoona kazi yake ni kumlinda mwalimu mkuu. Mzazi asiyeridhika anaweza kuomba jopo huru la mapitio, naye ana siku 15 za shule tangu apewe taarifa ya uamuzi. Jopo huru haliwezi kumrudisha mtoto shuleni. Linaweza kuirudishia bodi uamuzi huo iufikirie upya. Ndiyo maana hatua ya bodi haipaswi kuchukuliwa kama ya kupita tu.

Kasoro nyingine tunazoziona zinajirudia: mwenyekiti aliyekuwa rafiki mno wa mwalimu mkuu, katibu wa bodi ambaye pia ni mhazili wa mwalimu mkuu, hivyo hawezi kumkumbusha sheria, nafasi zilizo wazi muda mrefu, na mjumbe mzazi anayegeuza kila ajenda kuwa habari za mwanawe. Mzazi aliyechaguliwa huleta macho ya mzazi mezani, lakini huamua kwa ajili ya watoto wote.

Tahadhari kwa shule za akademi, yaani shule za serikali zisizo chini ya halmashauri: mamlaka ya kisheria yako kwa wadhamini wa taasisi inayomiliki shule, na bodi ya shule moja moja hupewa kile tu ambacho wadhamini wamekikasimu. Kuna bodi zenye sauti ya kweli kuhusu bajeti na ajira, na kuna zinazobaki na ushauri mtupu. Soma waraka wa mgawanyo wa madaraka kwenye tovuti kabla ya kujiunga au kulalamika.

Alama yetu: bodi yenye katibu huru, nyaraka za mapema na maswali yanayofuatiliwa tunaipa 5 kati ya 5, na hatujui huduma ya bure inayoifikia. Ikikosa katibu huru pekee, inashuka hadi 3. Isiyouliza kitu tunaipa 1.

Kuipima ya shule yako, tazama kwenye tovuti orodha ya wajumbe, mahudhurio yao na maslahi waliyoyatangaza. Kisha omba ofisini muhtasari wa vikao vitatu vya mwisho. Katika shule za halmashauri una haki ya kuusoma, isipokuwa sehemu za siri. Hesabu maswali yaliyoandikwa, halafu tafuta majibu yake katika kikao kilichofuata.

Anayetaka kujiunga awe na miaka 18 au zaidi, akubali uchunguzi wa DBS (wa rekodi za uhalifu), ambao shule huuomba ndani ya siku 21 za uteuzi, na atenge saa 6 hadi 8 kwa mwezi. Mwenyekiti atahitaji zaidi. Mwajiri anatakiwa kisheria kumpa mfanyakazi muda wa kadiri kwa kazi hii, ingawa halazimiki kuulipia, kwa hiyo zungumza naye kabla ya kikao cha kwanza.